Kanuni ya Tisa

Watu wa ukoo wananiita mkali. Sawa, ni mkali. Lakini habari hii ya karatasi ya Zuleha nitaieleza mwenyewe, maana wale wa kisimani wameshaitia chumvi mpaka mboga hailiki.

Mimi ni Sufiani Pazi, mkulima wa Mbete, hapa mlimani juu ya mji wa Morogoro. Zuleha ni mtoto wa dada yangu Mwanaheri. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba anamzaa, anamlisha, anampenda, na Rehani, baba yake Zuleha, ni mtu mwema kabisa, analima mpunga Dakawa na kila mavuno analeta gunia nyumbani. Lakini mtoto akiposwa, akiugua, akipotea, anayeulizwa ni mjomba. Likiharibika jambo, wazee wanakaa kwenye mkeka wananitazama mimi. Rehani wanampa chai.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Sabuni zimejaa madukani, mitumba imepanda mpaka huku kwetu, kila mtu anauza kitu. Zuleha alikuwa anasoma shule ya bweni mjini, ile ya njia ya Kilakala, si shule ya Kilakala yenyewe. Alikuwa ameingia kidato cha tatu, akachaguliwa mchepuo wa sayansi. Jumamosi moja akapewa ruhusa, akapanda mlima na mfuko wa plastiki mkononi. Ndani mna koti jeupe la mitumba, la kiume, mikono yake mirefu mpaka magotini, na karatasi moja ya stensili inayonuka wino.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Koti la nani hilo, la daktari aliyekufa?"

Akacheka. Mama yake akaenda kutafuta sindano apunguze mikono. Mimi nikaishika karatasi. Kusoma najua, nilikesha kwenye elimu ya watu wazima na cheti ninacho, lakini ile ilikuwa Kiingereza mwanzo mwisho. Nilichoweza kusoma ni namba. Moja mpaka kumi na mbili.

"Ni kanuni za maabara," Zuleha akasema. "Ametuandikia Mwalimu Devotha, wa kemia. Mzazi atie sahihi, niirudishe Jumatatu kabla ya kengele ya saa moja na nusu. Asiyerudisha haingii kwenye jaribio. Na saa nne mwalimu anapeleka majina kwa mkuu wa shule. Ambaye hana karatasi anahamishiwa sanaa."

"Sahihi ya nani?"

Akaitazama ardhi. "Wameandika ya baba."

Ala! Nikamwambia asome, tusikie huyo mwalimu anataka nini, sahihi tutaizungumza baadaye.

Akasoma, anatia Kiswahili hapo hapo. Aliyechelewa haingii. Koti lifungwe vifungo vyote na ushungi uchomekwe ndani ya koti. Kandambili marufuku. Usile, usinywe, usionje chochote. Usitie pua kwenye chupa, pepea harufu kwa kiganja. Tindikali ndiyo inamiminwa kwenye maji, kamwe maji yasimiminwe kwenye tindikali, maana yatachemka yakurukie usoni. Ukivunja kitu sema papo hapo. Usifanye jaribio peke yako. Andika ulichokiona kwa macho yako, si ulichokisoma kitabuni. Safisha meza. Usitoke na kitu mfukoni.

Akakunja karatasi. Mimi vidole vyangu vilikuwa vinahesabu chini ya shuka la kazi.

"Zuleha. Umesoma kumi na moja."

"Zote mjomba."

"Karatasi ina kumi na mbili. Mimi nauza ndizi sokoni, mtoto wewe, utanidanganya hesabu? Ipi umeruka?"

"Ya tisa. Ile... inarudia ya nane."

Mtoto yule hajui kusema uongo. Akidanganya anajishika sikio, toka akiwa mdogo. Nikaiangalia hiyo ya tisa. Ilikuwa ndefu kuliko zote, mistari minne. Ya nane ilikuwa mstari mmoja. Kurudia gani huko kunakoongeza maneno?

"Isome."

"Nimeshasema mjomba, inarudia."

"Thubutu!" Nikaikunja karatasi nikaitia kwenye mfuko wa shati. "Haitoki hapa mpaka nijue."

Mwanaheri akainua kichwa kutoka kwenye sindano. "Kaka, mpe mtoto karatasi yake." Sikumpa.

Niseme kweli, niliogopa. Mtu anayekuficha kitu kwenye karatasi anakuficha shimo. Tindikali wameisema wazi, moto wameusema wazi, sasa kinachofichwa ni kipi, kibaya kuliko tindikali?

Jumapili asubuhi nikaenda kwa Alois. Huyu alikuwa karani wa mashamba ya mkonge zamani, Kiingereza kidogo anacho, macho ndiyo hana. Nikamngoja mpaka akarudi kanisani. Akaisogeza karatasi mpaka ikagusa pua, akaipeleka mbali, akairudisha.

"Hapa pana hospitali," akasema. "Hapa pana operesheni. Na hapa pana mwenye kutia sahihi, yaani wewe. Katikati hapa sioni vizuri, wino umekufa."

"Operesheni ya nani?"

"Ya mwanafunzi, nadhani."

Nikakaa kwenye kinu chake. Alois akanirudishia karatasi taratibu, maana anajua. Mlimani wote wanajua.

Zuleha alikuwa na dada yake, Semeni, mtoto wa kwanza wa Mwanaheri. Miaka mitatu nyuma tumbo lilimshika, wakamteremsha kwa machela mpaka hospitali. Wakaleta karatasi ya operesheni. Kuandika jina langu najua, lakini siku ile mkono ulitetemeka hata kalamu ikaanguka, nesi akanishika dole gumba akalichovya kwenye wino, akaligandamiza. Semeni hakuamka. Tulipomzika, bibi mmoja wa ukoo wetu aliniambia mbele za watu, "Wewe ndiye uliyetia dole." Wino ule ulikaa kwenye kucha siku nne. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, nami nikaapa kwamba dole langu halitagusa tena karatasi yenye neno operesheni.

Nikarudi nyumbani nimeshakata shauri. Zuleha alikuwa ameshavaa sare, koti limeshapunguzwa mikono, anangoja.

"Sitii sahihi," nikamwambia. "Nenda sanaa. Kasome historia. Historia haimrukii mtu usoni."

"Mjomba, nakuomba."

"Kilichoandikwa pale ni kwamba wakupasue na mimi nimeshakubali kabla. Hicho ndicho ulichonificha?"

"Sivyo mjomba! Wallahi sivyo kilivyo."

"Ulishanidanganya mara moja. Sasa hata ukisoma sitakuamini."

Machozi yakajaa lakini hayakudondoka, naye amerithi ukaidi wa kwetu. Akachukua mfuko wake wa koti akashuka mlima bila kuniaga. Nilimtazama mpaka akapotea kwenye migomba. Mwanaheri akaniambia neno moja tu, "Huyu alikuwa anataka kuwa daktari kwa sababu ya Semeni. Hilo ulikuwa unalijua?" Sikulijua. Angeniambia nani, na mimi kila nikisikia jina hilo naondoka kwenye kikao?

Sikulala. Kabla ya adhana nilikuwa nimeshavaa, karatasi mfukoni. Nilitaka kitu kimoja: huyo Mwalimu Devotha anisomee namba tisa kwa Kiswahili, uso kwa uso. Ikiwa ndivyo nilivyodhani, namrudishia karatasi yake. Ikiwa sivyo, basi sijui. Mvua ilikuwa imenyesha, njia inateleza kama bamia. Niliteremka mbio, nikaanguka mara mbili, suruali ikajaa tope, nikasema nikifika mapema watanisikiliza.

Nilifika getini saa moja na robo. Nilikuwa nimewahi, nataka hilo lijulikane.

Mlinzi alikuwa kijana amevaa koti la mvua ingawa jua limetoka. "Wewe nani?"

"Nina mtoto hapa. Zuleha Rehani, kidato cha tatu."

"Wewe ndiye Rehani?"

"Mimi mjomba wake."

"Mjomba." Akafungua daftari, akalifunga. "Siku ya wageni ni Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mzazi anaruhusiwa siku yoyote. Mjomba hapana."

Nikamweleza. Nikamweleza tena. Nikamwonyesha karatasi. Akasema hajui Kiingereza. Nikamwambia basi tuko wawili, fungua. Akasema kwao Singida mjomba ni mjomba na baba ni baba. Nilikuwa karibu kumpa maneno ambayo mtu hayasemi asubuhi, na hapo ndipo kengele ikalia.

Niliisikia ile kengele mpaka kwenye meno. Kwa ndani, mbali, niliona wasichana wenye makoti meupe wanaingia kwenye jengo refu la mwisho, mmoja mmoja, kila mmoja anatoa karatasi. Mlango ukafungwa. Nje akabaki mmoja. Koti lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote, na ushungi umechomekwa ndani kama inavyotakiwa. Nililijua lile koti.

"Mwanangu yule," nikamwambia mlinzi. Sijui aliona nini usoni kwangu, lakini alifungua geti, akanipeleka mwenyewe mpaka mlangoni.

Zuleha aliponiona alishtuka, akatazama miguu yangu yenye tope. Nikagonga.

Mwalimu Devotha alikuwa mwanamke mfupi, wa Kilimanjaro kwa lafudhi, miwani yake imefungwa kwa uzi. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwalimu, nisomee namba tisa."

Akanitazama, akamtazama Zuleha, akarudisha mlango nyuma yake. Hakuuliza kwa nini. Akaisoma polepole. "Mwanafunzi akiumia maabara, mwalimu atampeleka hospitali papo hapo na kumwita aliyetia sahihi hapa chini. Ikihitajika operesheni, aliyetia sahihi ndiye atakayetoa idhini. Kwa hiyo atie sahihi mtu anayeweza kupatikana na kufika haraka, saa yoyote."

"Basi?"

"Basi. Ndiyo hiyo tu."

Lo. Nilisimama kama mtu aliyesukuma mlango ulio wazi. Hawakuomba wampasue. Walikuwa wanauliza nani atafika.

"Mwaka juzi," mwalimu akasema, "nilikaa hospitali tangu asubuhi mpaka jioni na mtoto aliyekatwa na chupa. Baba aliyetia sahihi yuko Songea. Daktari anangoja, mtoto analia, mimi sina ruhusa. Ndiyo maana nikaandika hivyo, ila mkuu wa shule anataka sahihi iwe ya baba. Wewe ni baba yake?"

"Mjomba."

"Baba yuko wapi?"

"Dakawa. Kwenye mpunga."

"Dakawa si mbali. Akiitwa atafika?"

"Atafika."

"Atatia sahihi?"

Kwa ndani nilisikia wasichana wanasoma vipimo kwa sauti, na kitu cha kioo kinagonga kioo. Zuleha alikuwa nyuma yangu na sikutaka asikie, lakini kama nisingesema pale, nisingesema popote.

"Hatatia, mwalimu. Atakaa kwenye benchi aningoje mimi. Ndivyo tulivyo." "Dada yake huyu alipougua, Rehani alikuwa naye hospitali tangu saa tatu asubuhi. Karatasi wakampa saa nne. Akasema, mtoto ana mjomba wake, mngojeni. Mimi nilikuwa shamba la juu, kule mpakani na msitu. Mpaka mtu apande aniite, mpaka niteremke, ilikuwa saa kumi. Nikatia dole. Ukoo wananilaumu kwa hilo dole. Mimi dole halinisumbui. Zinanisumbua zile saa sita. Daktari alisema mngewahi. Hakusema zaidi, nami sikumwambia mtu."

Nilikuwa sijawahi kuyatamka hata kwa mke wangu. Nyuma yangu Zuleha alivuta pumzi, basi.

Mwalimu Devotha akavua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa. "Pole sana mzee," akasema. Kisha akarudi kwenye ualimu wake. "Lakini karatasi inasema baba. Mkuu wa shule akiona sahihi ya mjomba ataniuliza."

"Mwalimu, wewe mwenyewe umeandika, andika ulichokiona kwa macho yako, si ulichokisoma kitabuni. Kitabu kimekwambia baba. Mbele yako unaona nani?"

Halafu, kwa mara ya kwanza, akacheka kidogo. Akatoa kalamu kwenye mfuko wa koti, akakata lile neno, akaandika juu yake "mjomba". Akanipa kalamu na daftari la kuwekea.

Mkono ukatetemeka. Ukatetemeka vilevile kama siku ile. Mwalimu akasema kama ni shida ana kidau cha wino ofisini. Nikasema hapana. Nikaandika Sufiani, herufi moja moja, halafu Pazi. Ilichukua muda, zile herufi zimepinda kama kuku ndiye aliyepita, lakini ni jina langu na anayelijua atalisoma.

Nikaanza kumrudishia, nikasita. Nikaishika tena ile karatasi.

"Andika na la Rehani," nikamwambia. "Rehani wa Dakawa. Weka chini ya langu."

"Mzee, unasema kwenu baba hatii sahihi."

"Andika tu. Andika kwamba atakayefika kwanza ndiye atie sahihi, asimngoje mwenzake. Nitamfuata Dakawa Ijumaa nimwambie mwenyewe, asikie kutoka mdomoni kwangu."

"Na ukoo?"

"Watasema. Si wameshazoea?"

Akaandika. Akatazama saa yake, akamtazama Zuleha. "Jina lako nitalipeleka saa nne pamoja na wenzako. Ila leo huingii. Kengele ililia huna karatasi, na kanuni ya kwanza naijua mimi niliyeiandika. Simama dirishani, utazame, uandike unachokiona."

"Ndiyo mwalimu," Zuleha akasema. Mlango ukafungwa.

Tulibaki wawili. Alikuwa na daftari kifuani, anatazama ndani ya dirisha, hanitazami mimi. Huko ndani msichana mmoja alikuwa anamimina kitu kwenye maji, tone kwa tone, ulimi umetoka pembeni.

"Kwa nini hukunisomea?" nikamwuliza.

"Ina neno operesheni."

"Nimeliona. Basi?"

"Nilijua utamkumbuka dada Semeni. Nikasema nitakusomea ukishatia sahihi."

"Zuleha. Kwani mimi nimemsahau siku gani?"

Hapo ndipo machozi yale ya tangu jana yalipodondoka. Aliyafuta kwa mkono wa koti, ule mama yake alioupunguza, kisha akafungua daftari akaanza kuandika, maana mwalimu alikuwa anatutazama kutoka ndani. Nikamwachia. Sikutaka achelewe na hilo nalo.

Nikatembea mpaka getini. Mlinzi alikuwa amevua koti la mvua, anakunywa uji. Aliponiona akasimama, labda alidhani nakuja kugombana.

"Nitazame vizuri," nikamwambia. "Uso huu uukariri. Jina langu Sufiani, natoka Mbete. Yuko mwingine, mrefu, mweusi, jina lake Rehani, yeye atatokea upande wa Msamvu kwa basi la Dakawa."

"Haya mzee. Wageni wa lini?"

"Siku yoyote. Ukimwona mmoja wetu anakuja mbio, usimwulize yeye ni nani. Fungua geti."